Jitu la Kilemba Chekundu

Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia akachambue dagaa!

Hapo zamani za kale, Mama Kanga alikuwa anapepeta mahindi. Pe! Pe! Pe! Mara Kindi akaja mbio, mkia juu.

"Mama Kanga! Bustanini kwako kuna jitu! Refu! Limevaa kilemba chekundu!"

"Linataka nini?"

"Halisemi. Linaitikia kwa kichwa tu."

Mama Kanga akatua ungo. Akahesabu wanawe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wa saba, Madoa, hayupo. Akahesabu tena. Sita.

Wakaenda wote, tip tip tip. Kweli, jitu limesimama, shina nene kama mguu wa punda. Ngiri, mjuzi wa kila kitu, ameshafika na kijinga cha moto.

"Niachieni nilihoji," Ngiri akasema. "Wewe! Ni mti?"

Jitu likainamisha kichwa.

"Ni jini?"

Likainamisha kichwa.

"Ni shangazi yangu?"

Likainamisha kichwa.

"Umemmeza Madoa?"

Likainama sana, kilemba kikatetemeka, prrr!

"Limekiri! Tulichome!"

"Hebu ondoa moto wako hapa, kaka Ngiri," Mama Kanga akasema. "Mwanangu akiwa humo, si utamchoma na yeye?"

Akalisogelea jitu. Akachuma jani. Akanusa. Akatafuna. Akageuka, akawatazama wanawe sita. Wao wakatazama kucha zao.

"Huu ni mchicha," akasema. "Mwezi mzima nawatuma mchicha. Mnaniambia nini?"

"Umeisha, mama."

"Umeisha! Na ugali tunaula kwa chumvi!"

Hapo sauti ikalia ndani ya kile kilemba cha mbegu: "Mama! Mimi leo nimekuja kuchuma! Nimepanda, naogopa kushuka! Na huyu mjomba akiuliza, natetemeka!"

Alikuwa Madoa.

Akashushwa. Wale sita wakachuma mpaka mabawa yakawauma. Jioni ugali ukapakuliwa, mchicha ukajaa bakuli. Ngiri akapewa mashina, kra, kra, atafune mpaka asahau kuhoji. Mama Kanga akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Ndipo akakaa.

Basi, watoto na wakubwa: ukitumwa mboga, chuma. Usipochuma, usiseme imeisha, maana itaota mpaka majirani waione. Nawe usiyekijua kitu, kitazame kwanza kabla ya kuleta moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, na vyombo havijaoshwa.