Amri ya Ridhaa ya Mzazi kwa Watoto Wachezao Vita vya Kioo

Paukwa!

Pakawa!

Mzazi yupo?

Yupo, kainama!

Basi, paliondokea zimwi mmoja mwenye kioo. Ndani yake watu walikatana mapanga, na mtoto aliyekishika aliwaendesha kwa vidole gumba. Akicheza mara ya tatu, kioo humvuta ndani, akakatwa yeye.

Mfalme akatoa amri, hiyo yenye jina refu: mtoto asicheze mpaka mzazi aseme "naam". Mbiu ikapigwa, makarani wakapongezana, wakaenda kula.

Zimwi akaipenda sana amri hiyo.

Siku moja akamwambia Mize, binti Faki, "Njoo ucheze, mjukuu wangu. Ila sheria ni sheria. Mwite baba yako."

Faki alikuwa barazani, kainamia bao, akicheza na jirani yake Makame.

"Babaa!"

"Naam!" Faki akaitika, asiinue kichwa.

"Karidhia," akasema zimwi.

Mize akacheza. Jioni akawapita wazee bila hata shikamoo.

Siku ya pili, "Babaa!"

"Naam!"

"Karidhia."

Jioni Mize akamfukuza paka kwa mwiko, anataka kumkata kichwa.

Siku ya tatu sauti ya Mize ilikuja imekwaruza, kama ya askari mzee.

"Babaa!"

Faki akainua kichwa. "Unasemaje, mwanangu?"

"Aa, siyo hivyo!" zimwi akang'aka. "Itika kama siku zote!"

"Kaa, Faki, zamu yako," akasema Makame.

Faki akainuka, akaenda. Akawaona watoto wa watu mle kiooni, wanakatana huku wanalia.

"Nani kakuruhusu, Mize?"

"Si wewe, baba! Ulisema naam."

"Mara mbili," zimwi akaongeza kwa adabu.

Faki akamgeukia. Kisha akaita, "Zimwi!"

"Naam!" Maana zimwi yule alilelewa vizuri.

"Zimwi!"

"Naam!"

"Zimwi!"

"Naam, bwana, nakusikia!"

"Basi umeridhia."

"Nimeridhia nini?"

"Kuwatoa watoto na kukivunja kioo."

"Lakini sikuambiwa!"

"Na mimi niliambiwa?"

Zimwi akaisoma amri juu chini, chini juu, asipate pa kutokea. Akakivunja kioo mwenyewe, huku analia. Watoto wakatoka, wakaenda kwao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwanao akikuita, mtazame kwanza, ndipo uitike.

Makarani walitangaza kwamba amri imefanya kazi. Kilichotokea hasa ni kwamba Faki aliinua kichwa, na kwenye bao akafungwa na Makame.