Kufuli Jekundu la Mbelwa

Kufuli la mwenzio halilindi roho yako. Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Sechonge asubuhi ile alipotaka kuingiza mkono kwenye mashine yangu ya kusaga, akanikodolea macho kana kwamba nimemtukana. Mahindi yalikuwa yamekwama. Nilikuwa nimezima swichi ya ukutani na kuifunga kwa kufuli langu, na mkono wangu ulikuwa tayari umo ndani ukikwangua. Yeye akaona mambo yamekwisha kuwa salama, akakunja mikono ya shati ili anisaidie.

"Babu, si umeshafunga?" akauliza.

"Nimefunga mimi. Wewe umefunga nini?"

Dada yake, Nuru, aliyekuwa akisubiri unga, akaangua kicheko. "Methali hiyo hatukuisoma shuleni, babu. Umeitunga sasa hivi?"

Sikuitunga mimi. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mahindi hayatajikwamua kwa kelele zenu, kaeni kwenye hayo magunia mnisikilize.

Kabla hamjazaliwa nilifanya kazi Uarabuni, katika kiwanda cha chakula cha mifugo. Nilikuwa nimekwisha kukaa kule miaka miwili alipoletwa kijana wa hapa hapa Korogwe, jina lake Mbelwa. Nilifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, lakini furaha yenyewe haikukaa, maana Mbelwa alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai atakuchungulia wewe kwanza, kisha aichungulie chai, ndipo anywe.

Msimcheke upesi. Alikuwa na sababu yake. Mjomba wake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi. Siku moja msimamizi alileta mpiga picha, wafanyakazi wakapangwa mstari, wakapigwa picha. Mwezi haukuisha, korona ikamvuta mjomba wake mkono, na mwili ukafuata. Watu wakanong'onezana msibani kwamba mashine imetaka damu, na mwenye mashine amechagua mtu kwa picha. Mbelwa alikuwa mtoto. Aliyasikia maneno hayo, na hakuna mtu mzima aliyejisumbua kumwambia vingine.

Basi fikirini alivyopokewa kule kiwandani. Siku ya kwanza alipigwa picha, akaambiwa asitabasamu. Akachomwa kidole ili ijulikane damu yake ni kundi gani, nalo likaandikwa kwenye kadi chini ya picha. Kisha akaulizwa jina la ndugu wa kupigiwa simu iwapo atapatwa na jambo. Tuliporudi chumbani akafunga mlango kwanza.

"Kaka Shemdoe, hawa watu wanataka nini na damu yangu?"

"Ukiumia, hospitali wajue wakuongezee damu gani."

"Wao wamejuaje kwamba nitaumia?"

Nikamwambia alale, kesho kuna kazi. Siku chache baadaye king'ora kililia, sote tukatoka mbio hadi uwanjani, tukahesabiwa. Hapakuwa na moto wala moshi. Yalikuwa mazoezi tu. Mbelwa alisimama kando yangu amenuna. "Tunahesabiwa kama mbuzi wa Iddi," akaninong'oneza. Nami, nisiwafiche, nilitaka kucheka nikashindwa.

Msimamizi wa usalama alikuwa mama wa Kifilipino, Bi Luz, mfupi, mwenye sauti nyembamba ambayo hata wakubwa wa kiwanda waliiogopa. Yeye ndiye aliyempeleka Mbelwa kwenye pipa la kuchanganyia. Lilikuwa pipa la chuma, kubwa kama chumba, na ndani yake mlikuwa na mapanga ya kukoroga. Kila mwisho wa wiki watu waliingia humo kukwangua pumba zilizoganda, na hakuna aliyeingia kiholela. Kila mmoja wetu alikuwa na kufuli lake jekundu, limefungiwa kadi yenye picha yake, nalo lilikaa kwenye ndoano ya jina lake ukutani. Kabla ya kuingia, unakwenda kulifunga kwenye swichi kubwa ya pipa, na ufunguo unaingia nao mfukoni. Wakiingia watu watano, swichi inabeba makufuli matano. Ukitoka, unalifungua mwenyewe na kulirudisha ndoanoni. La mtu mwingine huligusi, hata ukiwa mwenye kiwanda.

Nilimtafsiria yote hayo polepole. Yeye alikuwa akiitazama ile kadi tu: sura yake, jina lake na damu yake, vikining'inia kwenye mashine yenye mapanga.

"Umeona sasa?" akaniambia tulipobaki wawili. "Wananitambulisha kwa mashine."

Nikamwambia aache ushamba. Naye aliacha, lakini alichoacha ni kunieleza mambo yake. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baada ya kisa.

Siku yake ya kuingia pipani alipangwa pamoja na Tilak, mtu wa Nepali, mpole, aliyekuwa akimwekea Mbelwa achari kila mlo kwa sababu aliona chakula cha kule kinamshinda. Bi Luz alisimama akatazama makufuli mawili yakifungwa, akaridhika, akaenda zake. Tilak akatangulia kuingia. Mbelwa akarudi nyuma haraka, akafungua kufuli lake, akalitia ndani ya shati pamoja na picha yake. Alijiambia kwamba swichi bado imefungwa, kufuli la Tilak linawatosha wote wawili. Na kama pipa linataka mtu, basi picha lililonayo ni ya Tilak.

Naam, Nuru, umesikia vizuri. Usinitazame mimi hivyo.

Wakakwangua, huyu upande huu na yule upande ule. Vumbi la pumba likajaa hata hawakuonana. Tilak akakabwa na kikohozi, akatoka nje kutafuta maji. Kwa kuwa ametoka, akafungua kufuli lake, kama ilivyotakiwa. Akaona swichi imebaki tupu. Akadhani Mbelwa amekwisha kutoka zamani, akalitundika kufuli lake bila kuitazama ndoano ya Mbelwa, akaenda kunywa maji. Mwendesha mashine akaja, akakuta swichi haina kufuli hata moja. Akaufunga mlango wa pipa bila kuchungulia ndani.

Mbelwa akabaki gizani. Alipiga kelele, lakini nani angemsikia, mdomo umezibwa na barakoa, na chuma kimemzunguka pande zote? Kisha ikalia honi, ile ya kuonya kwamba pipa linataka kuzunguka. Aliniambia kwamba pale alimwona mjomba wake.

Mimi nilikuwa karibu, napanga magunia. Nilimwona Bi Luz akipita mbele ya zile ndoano, kama alivyopita kila mara kabla mashine haijawashwa. Akasimama ghafla. Mkono wa mwendesha mashine ulikuwa umekwisha kufika kwenye swichi.

"Acha!" akapiga kelele. "Kufuli la Mbelwa liko wapi?"

"Kwenye swichi halipo, mama," akajibu mwendesha mashine.

"Na ukutani halipo. Basi Mbelwa yuko wapi?"

  Bi Luz akachomoa kufuli lake mwenyewe kiunoni, akalifunga kwenye swichi, ndipo akaamuru mlango ufunguliwe. Tilak akaja mbio, maji yanamtiririka kidevuni. Na hata katika mbio zile alipitia ndoanoni, akachukua lake, akalifunga, kisha ndipo akajitupa ndani ya pipa.

Walimtoa Mbelwa mweupe kwa pumba tangu nywele hadi viatu. Alipoinama kukohoa, kufuli jekundu likadondoka kutoka ndani ya shati lake, mbele ya watu wote.

Bi Luz akauliza kwa nini. Mbelwa akaniangalia mimi. "Waambie, kaka. Ya mjomba, ya picha, yote."

Nikatafsiri. Nilipofika kwenye ile ya kuiachia mashine picha ya Tilak, nikataka kuiruka.

"Na hiyo mwambie," Mbelwa akasema.

Nikamwambia. Tilak alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilipoona swichi tupu nilidhani umeshatoka. Ningekuwa nimekuua, na mpaka kufa kwangu nisingejua kwa nini."

Hapo Mbelwa akalia kwa sauti, mwanamume mzima, akaushika mkono wa Tilak. Na katika kulia ndipo akayasema kwa Kiswahili yale maneno ya kufuli na roho niliyowaambia, ambayo mimi peke yangu niliyaelewa, nikayaleta huku Korogwe.

Msidhani aliacha kushuku. Tangu siku ile aliishuku kila swichi ya dunia hii. Kufuli lake alilivuta na kulivuta tena kabla ya kuingia popote, na picha yake aliigeuza itazame nje, kila mtu aione. Aliporudi nyumbani alinipa kufuli hilo nilitunze. Alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, na tulipomwosha nilivitazama vidole vyake, vyote vipo.

Ndilo lile jekundu pale kwenye msumari, na ufunguo wake.

Sechonge akainuka bila kuambiwa. Akalichukua, akaifuta vumbi ile sura iliyofifia kwenye kadi, akalifunga kwenye swichi kando ya langu. Akalivuta, akalivuta tena, akatia ufunguo mfukoni, ndipo akaja kukwangua pamoja nami.

"Na mimi je?" Nuru akauliza, naye anakunja mikono. "Kuna la tatu?"

"Hakuna."

"Lakini babu, yapo mawili pale!"

"Basi kaa hapo hapo kwenye gunia, mama. Kufuli la mwenzio halilindi roho yako."