Kiti cha Elinihaki

Hapo zamani, na si zile zamani za fisi na sungura, ni zamani za juzi tu, za kompyuta zenye chogo, aliishi bibi mmoja katika milima ya Upare, jina lake Namkunda. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Bibi Namkunda alikuwa mjane. Mumewe, Elinihaki, alikuwa na steshenari kwenye chumba cha mbele. Aliwachapia watu barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Siku ile kompyuta ilipofika, kabla haijaanza kazi, alichomeka maiki akajirekodi kuijaribu. Maneno yenyewe machache tu: "Moja, mbili. Moja, mbili. Namkunda! We Namkunda! Njoo usikie, nimeingia humu ndani. Na chai uje nayo." Kisha unasikika mlango, na sauti ya Namkunda, bado nyororo, ikiitikia kwa mbali: "Nakuja!" Basi, imekwisha.

Elinihaki akafa. Watoto wakaja kutoka mjini, wakazika, wakarudi mjini. Steshenari ikafungwa. Ikabaki kompyuta juu ya meza, kiti chake mbele ya meza, na yale maneno ndani.

Kila siku, saa kumi alasiri, bibi alimimina chai vikombe viwili. Alikaa kwenye kigoda pembeni, si kwenye kile kiti, akawasha mashine. "Namkunda! We Namkunda!" Naye aliitikia kwa sauti, "Nakuja." Akanywa chai yake, ile nyingine akaimwaga kwenye migomba. Msimcheke! Nyie hamjakaa katika nyumba ambamo wiki inapita hakuna mtu aliyelitaja jina lako.

Siku moja, saa kumi, akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, na mashine ikalia: piii, piii, piii. Akabonyeza tena. Piii, piii, piii. Chai ikapoa, vikombe vyote viwili.

Akaitwa fundi wa stendi. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Bibi, hii imekufa. Wape watu wa chuma chakavu."

"Aliyekufa namjua, nilimzika mwenyewe," bibi akasema. "Ondoa mkono wako hapo."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, bibi akasimama mlangoni. "Nisikilizeni. Cha kutoa sina. Lakini kiti cha mume wangu kipo, hakijakaliwa tangu afe. Atakayenirudishia sauti yake atakikalia yeye, kila siku saa kumi, na kikombe cha pili kitakuwa chake mpaka nife. Ila ni mmoja tu! Sitaki mkutano nyumbani kwangu."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Zawadi gani hiyo, kiti na chai? Lakini watu watatu hawakucheka.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mrutu. Zamani alikuwa mwendeshaji wa simu posta, akiwaunganisha watu. Sasa macho yamekwisha, mke amekwisha, na mwanawe amempa chumba cha uani. Chakula huwekwa kwenye stuli, mlango unafungwa. Alikuja akipapasa na fimbo.

"Iwashe, shemeji," akasema. Bibi akawasha. "Iwashe tena." Akawasha. Asubuhi nzima ni hivyo hivyo, iwashe, izime, iwashe. Mwishowe mzee akainua kidole. "Inalia mara tatu, inapumzika, inalia tatu tena. Mashine iliyokufa haihesabu, shemeji. Hii inaita. Kuna kitu inataka."

Wa pili alikuwa Mwalimu Senkondo, mstaafu wa hesabu, mgane asiye na mtoto. Yeye na Elinihaki walinunua kompyuta pacha siku moja. Ya Mwalimu kazi yake ilikuwa moja: kucheza naye karata tangu asubuhi mpaka jioni. Nyumbani kwake hapakuwa na sauti nyingine ila feni ya ile mashine.

Alikuja na kijitabu kilichokuja na mashine, amekihifadhi miaka yote. Milio mitatu mirefu, kikasema kijitabu, maana yake kibao cha kumbukumbu, kile mafundi wanachokiita ram, hakishiki. Mwalimu akakichomoa, akakisugua meno kwa ufutio wa shule, akakirudisha. Piii, piii, piii. Akakisugua tena. Piii, piii, piii.

"Kimeungua," akasema. "Na vya aina hii madukani havipo tena. Lakini naweza kuitoa diski yako nikaipachike kwangu, uwe unakuja kusikilizia kule."

"Mume wangu hahami nyumba," bibi akajibu.

Mwalimu akafunga kijitabu chake. Akaondoka. Akarudi na kiberiti, ndani yake kibao kidogo amekifunga kwa karatasi. "Nimekitoa kwenye yangu."

"Na wewe utacheza na nani, Mwalimu?"

"Nitajua mwenyewe."

Akakichomeka. Kioo kikawaka! Bibi akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akakimbilia jikoni kuchukua chai. Hajarudi, mashine ikazima. Wakawasha, dakika tatu, bado inajivuta kuamka, ikazima. Wakawasha, dakika mbili, ikazima. Elinihaki hakupata nafasi ya kusema hata moja, mbili.

Wa tatu alikuwa Naetwe, fundi cherehani aliyepanga ng'ambo ya barabara. Mumewe alikwenda machimboni miaka sita iliyopita, na tangu hapo hakuna barua, hakuna salamu. Naetwe alikuja kurudisha sketi ya bibi aliyoipunguza. Kompyuta hajui hata inafunguliwa wapi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Leo sina raha."

Naetwe akapita karibu na meza, akaiwekea mashine mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto paji la uso. "Bibi, mbona hii ina homa? Na mbona mmeivika masweta?"

Ngojeni niwaeleze. Nyumba za kule, kila kitu kizuri kinavaa. Redio inavaa kitambaa cha kufuma, kochi linavaa, jagi la maji linavaa. Bibi Namkunda aliifumia kompyuta vitambaa viwili vya maua, kimoja juu, kimoja mgongoni, akavifunga kwa utepe viibane vizuri, vumbi lisimfikie mumewe. Vikaziba matundu yote ya kutolea joto. Mzee Mrutu hakuviona, macho hana. Mwalimu aliviona. Alivifungua kwa adabu, akafanya kazi yake, akavirudisha na kufunga utepe kama alivyovikuta, maana ndivyo afanyavyo mtu mwenye malezi katika nyumba ya mwenzake. Eti adabu! Adabu ile ndiyo iliyokuwa inaizima mashine.

Naetwe akavua vitambaa. Akaleta brashi ya cherehani, akachokoa matundu, zikatoka nyuzi na manyoya ya sufu tele. Wakawasha. Nusu saa, haijazima. Saa nzima, haijazima.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, vitambaa mapajani. "Kumbe ni mimi," akasema. "Huenda hata kile kibao nilikiunguza mimi. Namfunika asipate vumbi, kumbe namziba pumzi." Akalia, tena kwa sauti, na hakuona aibu.

"Hukujua, Bibi," Naetwe akamwambia.

"Na kutojua kwangu kumenisaidia nini?"

Ikafika saa kumi. Bibi akajifuta uso, akamimina chai vikombe viwili. Mzee Mrutu na Mwalimu wameitwa, wote watatu wamesimama, kiti kiko katikati. "Haya, semeni," bibi akasema.

Mzee Mrutu akasema: "Mimi ndiye niliyesema haijafa. Bila mimi hapa pangekuwa na meza tupu. Na mimi, shemeji, nimebakiwa na masikio tu, na hayana wa kumsikiliza."

Mwalimu Senkondo akasema: "Mrutu alisikia, lakini kusikia hakuwashi mashine. Naetwe alivua vitambaa, na brashi yake anarudi nayo. Mimi nimetoa. Yangu imelala, haiamki tena. Nikirudi nyumbani leo sina hata wa kunishinda karata."

Naetwe akasema: "Wazee wangu, nisameheni. Mimi sikutoa kitu na sikujua kitu. Lakini nyie mlimwamsha akazimika mara tatu, na tangu nimguse hajazimika. Halafu, Bibi, nyie nyote mlizika. Mnajua wenu walipo. Mimi mwaka wa sita huu naweka sahani ya pili, sijui kama namwekea mzima au maiti."



Bibi akabonyeza. "Moja, mbili. Moja, mbili. Namkunda! We Namkunda! Njoo usikie, nimeingia humu ndani. Na chai uje nayo." Mlango ukasikika. "Nakuja!" ikaitikia ile sauti nyororo. Bibi mwenyewe safari hii hakuitikia. Alikuwa ameshika kikombe cha pili, anawatazama watu watatu.

Sasa nawaona mnavyonyoosha mikono. Wewe utaniambia waongezwe viti. Alisema mmoja, na bibi yule akisema mmoja ni mmoja. Na wewe utaniambia wapeane zamu. Zamu! Umewahi kukaa siku mbili unangoja ya tatu ndipo mtu akuite jina lako? Basi nyamaza kwanza ufikiri.

Kiti ni kimoja. Chai inapoa. Wawili kati ya hawa watatoka mlangoni sasa hivi, kila mmoja kwenda kwenye nyumba yake isiyo na mtu wa kumsemesha. Haya, mimi nimemaliza kusema, semeni nyie: je, nani alistahili kukaa?