Kwa Nini Ubongo Hujipikia Lehemu

Hapo kale, kabla kichwa hakijawekewa mlango, damu ilipanda hadi ubongoni na kushusha chochote ilichobeba. Wajumbe, wale wanaopeleka habari za mwili kwa nyuzi zao ndefu, walijichotea humo lehemu, yale mafuta mazito, wakapaka nyuzi zao na kushikana mikono. Walezi, majirani waliokaa kando yao humo ubongoni, hawakuwa na kazi kubwa. Waliwaegemeza wajumbe wasianguke, basi.

Siku moja damu ilileta sumu. Wajumbe wengi walikufa kabla jua halijazama. Waliosalia, kwa hofu, wakaziba kuta za mishipa tundu kwa tundu, wakaacha upenyo mwembamba wa hewa, maji na sukari.

Sumu haikuingia tena. Lehemu nayo haikuingia.

Mlezi mmoja, Nyamizi, alimtunza mjumbe aitwaye Lusungu. Kazi ya Lusungu ilikuwa kumkumbusha mama mwenye kichwa hicho sauti ya mwanawe. Sasa nyuzi zake zilikauka, na mikono yake ikawaachia wenzake mmoja mmoja. Huko nje mtoto akaita. Mama akageuka, akamtazama kama mgeni.

"Mama Nyamizi, sauti nimeisikia," Lusungu alinong'ona, "lakini sijui ni ya nani."

Nyamizi akainuka. "Tubomoe ukuta!" akawaambia walezi wenzake.

"Utuue sote?" wakamjibu.

Akabaki na sukari tu. Akaimeza, akaichemsha ndani ya mwili wake, akaigeuza na kuigeuza hata ikawa lehemu. Kuitoa kulimtisha kuliko kuipika: ilimbidi afungue ngozi yake mwenyewe, na hakujua kama itajifunga. Tena ikimwagika hovyo ingeganda na kumsonga Lusungu. Akaifunga vifurushi vidogo vidogo, akafumba macho, akafungua ngozi, akavisukuma nje.

Ngozi ikajifunga. Lusungu akavipokea kwa pupa, akanyoosha mkono, akamshika jirani yake. Huko nje mtoto akaita tena, kwa kilio.

"Nipo, Malongo," mama akasema. "Nipo, mwanangu."

Walezi wengine wakaja mbio kujifunza.

Na tangu siku hiyo, lehemu ya sahanini haivuki ukuta wa ubongo. Walezi huipika humo humo na kuwapelekea wajumbe, hata mwenye kichwa akiwa usingizini. Hawathubutu kuacha. Wanaogopa mpaka leo.