Lango la Mama Ngiri

Hadithi, jamani!
— Ije, tumekaa kuisikiliza!

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi tatu jirani: ya Twiga, ya Nyati na ya Mama Ngiri. Wakakutana, wakaapa kwamba njia iwe moja na mizigo ipite bila kizuizi. Wakala, wakanywa, wakapigiana makofi. Kisha kila mmoja akarudi kwake akajenga lango. Haya, niambieni, huo ni ujirani?

Lango la Mama Ngiri lilikuwa fupi, na kila aingiaye sharti aingie kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia shimoni. "Kwetu ndivyo tunavyoingia," alisema. "Asiyetaka arudi kwao."

Basi mwanawe wa pekee akashikwa na homa. Dawa yake ilikuwa majani mabichi ya nchi ya Twiga, yakikauka hayaponyi. Akamtuma Punda. "Kimbia, ndugu yangu. Sina mwingine ila huyu."

Akaketi na mtoto wake, anangoja. Ndege Hondohondo akaja. "Mama, Punda amezuiwa kwa Twiga. Anataka mzigo uinuliwe juu, aukague bila kuinama."

"Ama kweli Twiga hana haya!"

Jua likapanda. Hondohondo akarudi. "Amezuiwa kwa Nyati. Anataka mzigo ufungwe upya, ulingane na upana wa pembe zake."

"Nyati ana roho mbaya! Mwanangu anakufa!"

Jua likaanza kushuka. Hondohondo akaja tena, akatua.

"Amezuiwa."

"Wapi tena?"

"Kwako, mama. Langoni mwako. Walinzi wanamwambia aingie kinyumenyume, na mzigo haupiti."

Mama Ngiri akatoka mbio, akalipiga lango kwa meno yake, likaanguka. Akanyakua majani. Yalikuwa makavu, yakavunjikavunjika mdomoni. Aliporudi nyumbani mtoto alikuwa amekwisha kukata roho.

Walinzi wakaja, vichwa chini. "Mama, tulishika sheria yako."

"Najua," akasema. "Nimlilie nani?"

Twiga na Nyati wakaja kuhani, wakapita bila kuulizwa. Twiga alibomoa lango lake siku hiyohiyo. Nyati alisema atalifikiria, na nasikia bado analifikiria.

Wenzangu, funzo ni hili: ukimfungia jirani njia, umejifungia na wewe, na siku ya shida ndipo utakapojua.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye watoto akawasimulie.