Nani Aliuchuja Mvinyo Huu?

Wewe ungefanyaje, mvinyo ulioutunza miaka miwili uibwe ghalani, kisha uukute mashindanoni una jina la tajiri wa mtaa?

Bi Nyemo, aliyependa kuwasoma wanafalsafa wa Kiyunani huku zabibu zake zikichacha, alionja funda moja akautambua mvinyo wake. Waamuzi walikuwa wanasugua kombe la kumpa tajiri huyo, Bwana Chidawali.

"Hongera, ndugu yangu. Naruhusiwa swali la kifalsafa?"

"Uliza, mama. Hao Wayunani mimi nimewamaliza wote."

"Anayetengeneza kitu, si ndiye ajuaye kilichomo?"

"Nani mwingine?"

"Na huu umeukamua na kuuchuja mwenyewe?"

"Kwa mikono hii hii, mama. Hakuna mwingine aliyeugusa."

"Basi tuambie, yule panya aliyefia ndani ya dumu ulimtoa kabla ya kuchuja, au baada?"

Bilauri zote zikatua mezani. Mwamuzi mkuu akaziba mdomo kwa leso. Bi Nyemo akanywa funda jingine, taratibu.

"Panya gani?" Chidawali alipiga kelele. "Mwulizeni huyu mama, dumu ni lake! Mimi nililiiba likiwa limefungwa hivyo hivyo!"