Mzigo Uliotuliwa kwa Kiingereza

Kisome kisa hiki chote kabla hujamrushia mwingine, maana uzito wake uko mwishoni.

Mzee Mshamu, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa mtu mwema, ila alikipenda Kiingereza kuliko wali wa nazi. Magunia ya maharage ya wanafunzi yalipopotea, hakumung'unya maneno. Alisimama mbele ya wazazi wote akasema mwizi ni Mwalimu Sikudhani, msimamizi wa stoo.

Baadaye magunia yakaonekana. Dereva alikuwa ameyashusha kimakosa shule ya jirani, na habari ikamfikia mwenyekiti peke yake. Mzee Mshamu aliona haya, na mwenye haya hutafuta pa kujificha. Aliitisha kikao, akatamka kwa madaha kwamba mwalimu yule amekuwa "exonerated". Watu wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani moyo mweupe.

Lakini Mwalimu Sikudhani hakupata nafuu. Sokoni waliendelea kumteta, na akipita, majirani waliita kuku wao ndani. Mwisho alimfuata mwenyekiti nyumbani kwake, akamwuliza neno lile lina maana gani.

Mzee Mshamu alifurahi kuulizwa. Akaeleza kuwa ni neno la mahakamani na la vikao vikubwa, hutumika kumsafisha mtu aliyeshutumiwa bure. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza kabisa ni kumtua mtu mzigo.

"Kunitwisha ulinitwisha kwa Kiswahili, Mzee wangu, na kila mtu akaona," alisema mwalimu taratibu. "Aliyeona nikituliwa ni nani?"

Akaaga, akaondoka. Mzee Mshamu aliudhika. Si watu walipiga makofi? Akamgeukia mkewe, Bi Somoe, aliyekuwa akichambua mchicha hapo barazani, amtolee ushahidi.

"Hata mimi nilipiga," alisema Bi Somoe. "Si ulisema amefukuzwa, baba Zuhura?"

 

Mzee Mshamu aliwaita wazazi tena. "Mwalimu Sikudhani hakuiba," alisema. "Mimi ndiye niliyemsingizia. Nimekosa."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinamisha vichwa. Wa kwanza kuinuka kwenda kumshika mwalimu mkono alikuwa Bi Somoe.

Funzo: Uliyemvunjia heshima kwa lugha ya watu wote, mrudishie kwa lugha hiyohiyo.